SIMU JANJA YA BEI RAHISI: FAIDA ZAKE NA HASARA ZAKE

Niliyoyaona kwa wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa

Na Katibu wa Chama

Wanachama wenzangu,

Katika mkutano wetu uliopita yalizuka maneno mengi juu ya jambo moja, na waliohudhuria wanakumbuka kwamba tulitawanyika bila ya kukata shauri. Vijana walileta ombi kwamba Chama kinunue simu janja za bei rahisi kwa jumla, kila mwanachama apewe moja, na thamani yake ikatwe katika fedha zake za karafuu za msimu ujao. Mzee mmoja akasimama akasema kwamba fedha ya karafuu huchumwa juu ya mti, na wako walioanguka wakavunjika kwa ajili yake, basi haifai kuitoa kwa kununua kitu ambacho kikianguka huvunjika upesi kuliko mchumaji. Watu walicheka sana, lakini neno lile lilikuwa na uzito, na ndilo lililotufanya tuahirishe.

Halmashauri iliniagiza nilichungue jambo hili kisha niwaandikie. Ikatokea kwamba nilikuwa na safari ya kwenda Nachingwea katika arusi ya jamaa yangu, nikaona ni nafasi njema ya kuwatizama wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, ambao wametutangulia katika mambo haya. Nauli nililipa mwenyewe, na nalisema hili mapema ili Mtunza Hazina asije akaulizwa.

KWA NINI KWENDA HUKO

Huenda mtu akauliza: Sisi watu wa karafuu wa Pemba tuna nini na watu wa korosho wa Mkoa wa Lindi? Jawabu ni kwamba tuna mengi. Korosho, kama karafuu, huja kwa msimu, hukusanywa na kuanikwa kwa nguvu za mikono, hupimwa kwa mizani isiyokuwa ya mkulima, na fedha yake ndiyo inayolipa ada za skuli, deni la dukani na bati la nyumba. Tofauti kubwa ni ya soko. Sisi karafuu zetu twaliuzia Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kwa bei inayotangazwa. Wao huuza kwa mnada, na bei ya mnada mmoja si bei ya mnada wa pili. Kwa hivyo khabari kwao ni mali, na simu ndiyo inayoibeba khabari.

Nilitoka Mkoani kwa meli, nikapita Unguja na Dar es Salaam, kisha nikapanda basi la kusini. Basi huvuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, nao wenyeji hawajasahau taabu ya kivuko cha kabla yake. Huko mbele, katika njia ya kwendea Masasi, pana mahali paitwapo Nanganga, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Ruangwa. Ukiipita Ruangwa ukaendelea, utafika Nachingwea.

Nachingwea ina somo lake la zamani ambalo wenyeji wenyewe hulitaja, nami sikuliacha lipite. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Yaliletwa matrekta kwa wingi, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Bandari ilijengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36, na baadaye hata reli ikang'olewa. Matrekta yalikuwa na nguvu, lakini vyombo vilinunuliwa kabla ya kuchunguzwa ardhi, mvua, na watu watakaovitumia. Nilipokuwa nikitembea pale nilijiuliza kama na sisi hatuko karibu kununua matrekta ya mkononi.

SIMU YENYEWE NI KITU GANI

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya simu gani. Ziko simu ndogo za kubonyeza, zenye taa, ambazo watu huziita vitochi. Hizo hupiga, hupokea, hupeleka ujumbe mfupi na hutuma fedha. Ziko simu za thamani kubwa, bei ya ng'ombe na ndama wake, na hizo si mazungumzo yetu. Katikati yake ndipo zilipo simu janja za bei rahisi, ambazo miaka hii hupatikana baina ya shilingi laki moja na nusu na laki tatu. Nyingi nilizoziona kule ni Tecno, itel na Infinix, na huenda wengi wenu hamjui kwamba majina yote matatu ni ya kampuni moja, Transsion ya Shenzhen katika China, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kuielekeza biashara yake Afrika. Ndiyo maana simu hizo zina nafasi ya laini mbili, zina betri kubwa, na kamera zao zimetengenezwa zipate kutoa vizuri sura ya mtu mweusi.

Mambo mawili katika simu hizi yapasa mnunuzi ayajue, maana ndimo anamodanganywa. La kwanza ni nafasi ya kuhifadhia vitu, ambayo ni kama ghala. La pili ni nguvu ya kufanyia kazi, ambayo ni kama uwanja wa kuanikia. Ghala likiwa kubwa na uwanja ukawa mdogo, karafuu zitavundikana na kazi haitaendelea. Simu za bei rahisi mara nyingi uwanja wake ni mdogo, GB 2 au hata chini yake. Kwa ajili hiyo kampuni ya Google ilitoa mwaka 2017 namna nyepesi ya Android iitwayo Go, ili simu dogo ipate kutembea bila ya kukwama.

FAIDA ZAKE

Nitaanza na mema, maana yapo na ni mengi.

Faida ya kwanza ni khabari ya bei. Korosho za wilaya hizi hupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria yake mwaka 2005 na kuanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, hupimiwa, hupewa stakabadhi, na mzigo hupelekwa ghala kuu. Hapo huuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu, ambacho kwa huko ni RUNALI, jina lililofupishwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Zamani wanunuzi walileta bei zao kwa karatasi ndani ya sanduku. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho inaendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, na bei huonekana katika kioo mbele ya wakulima. Katika minada ya mwanzo ya Oktoba 2024 kule kusini bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwenye simu janja huipata khabari hiyo jioni ile ile, pamoja na picha ya karatasi ya mnada, hata akiwa shambani.

Msidhani kwamba hilo ni dogo. Kule upo ugonjwa unaoitwa kangomba. Mchuuzi humwendea mkulima wakati wa njaa, kabla ya mavuno, humpa fedha kidogo, kisha msimu ukifika huzichukua korosho kwa kipimo chake mwenyewe, bakuli au kopo, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku lakini shida haisikii marufuku. Ndugu yake wa kwetu ni yule anayenunua karafuu zikali mtini, kabla hazijapevuka. Mtu asiyejua bei ya leo ndiye anayenaswa kwa urahisi, na mtu mwenye khabari angalau ana neno la kumjibu mchuuzi.

Faida ya pili ni ushahidi. Katika kijiji kimoja cha Ruangwa nilipelekwa kwa mzee mmoja, tukaketi barazani pake chini ya mkorosho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali hivyo kuja kuuliza khabari za simu? Kwenu hakuna simu?"

Nikamwambia zipo, ila busara ya kuzitumia ndiyo niliyoifuata. Akacheka, kisha akanihadithia. Msimu mmoja alipeleka magunia yake, akapimiwa, akapewa stakabadhi. Binti yake akachukua picha ya mizani na ya stakabadhi kwa simu yake, bila ya kuambiwa na mtu. Ulipofika wakati wa malipo, katika orodha mzee alionekana na uzito pungufu kwa magunia mawili. Alikwenda nyumbani kuitafuta karatasi, akakuta mchwa wameila. Wengine wangeishia hapo. Binti akaifungua picha, akaonyesha tarehe, namba na kilo. Mwandishi akarejea daftari lake, akaona kwamba alirukia mstari, akasahihisha.

"Sikusema mtu kaniibia," alisema mzee. "Kalamu huteleza. Lakini bila ya picha ile, kuteleza kwa kalamu kungekuwa kuanguka kwangu mimi."

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utoto kwamba deni liandikwe na liwe na mashahidi. Simu, ikitumiwa vizuri, ni shahidi asiyechoka.

Faida ya tatu ni elimu. Iko programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na watafiti wa IITA. Mtu huielekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo humwambia kama lina batobato au michirizi ya kahawia, kwa Kiswahili, tena bila ya kuhitaji mtandao wakati ule. Kwa mikarafuu sijaona kitu kama hicho, lakini kila mmoja wetu ana muhogo shambani kwake. Kadhalika, bwana shamba aweza kusema neno moja kwa sauti likasikika na watu mia, na asiyejua kusoma akalisikia sawasawa na msomi. Hili la ujumbe wa sauti ndilo lililowapendeza sana kina mama wa kule.

Faida ya nne naitaja kwa ufupi kwa kuwa kila mtu anaijua: kumwona mtoto aliye mbali. Wengi wetu tuna watoto Dar es Salaam, Mombasa, Maskati na Ulaya, na kuuona uso wa mjukuu hakuna bei.

HASARA ZAKE

Sasa na mabaya, nayo yataka moyo wa kuyasikia.

Hasara ya kwanza ni udhaifu wa chombo. Kioo cha simu hizi huvunjika, na fundi akikutajia bei ya kioo kipya utaona afadhali ununue simu nyingine. Maji na vumbi ni adui zake. Juani, kioo chake hufifia hata usione kilichoandikwa. Na sisi kazi yetu yote ya kuanika ni juani. Betri yake imeandikwa 5,000 nayo ni kubwa kweli, lakini kioo kipana huinywa, na betri ikizeeka haimalizi siku. Katika vijiji vya mbali nilikuta watu wanapeleka simu zao dukani kwa mwenye umeme au mwenye sola, hulipa kila mara, na huziacha huko saa nzima na zaidi mikononi mwa mtu mwingine. Kitochi, kwa upande wake, chaji moja hukaa siku kadha wa kadha.

Hasara ya pili ni gharama zisizoandikwa kwenye boksi. Simu janja bila ya bando ni kioo cha kujitizamia. Mwenye kununua simu ya laki mbili na ahesabu na bando la kila wiki, mwaka mzima, ndipo ajue bei yake ya kweli. Na mtandao wenyewe si wa kutegemea kila mahali. Huko nilikwenda vijiji ambavyo mtu hupanda kichuguu ndipo apate alama za mnara. Hata mjini, mwezi wa Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania nzima na nchi za jirani, mwenye simu ya bei kubwa na mwenye simu ya bei ndogo wakawa sawa.

Hasara ya tatu ni kwamba simu hizi huzeeka kabla ya kuharibika. Mtengenezaji huacha mapema kuzipelekea marekebisho ya usalama. Tangu 1 Januari 2025, kwa mfano, WhatsApp imeacha kufanya kazi katika simu za Android zilizo chini ya toleo la 5. Simu ni nzima, inawaka, kioo hakina ufa, lakini mlango umefungwa. Anayenunua simu ya zamani iliyokwisha tumika na aliangalie hili kwanza.

Hasara ya nne ni bandia, na hapa naungama makosa yangu mwenyewe. Miaka michache nyuma nilinunua simu katika duka moja la mjini, rahisi kupita kiasi, boksi limeandikwa GB 128. Nikaona nimepata. Msimu ule nikapiga picha kurasa zote za daftari la wanachama, matawi yote, pamoja na hesabu za michango, ili nisiwe nabeba daftari mvuani. Baada ya miezi mitatu picha zikaanza kufunguka nusu, nyingine nyeusi kabisa. Fundi akanambia kwamba ghala la simu ile halikufika hata GB 16, na ile 128 ilikuwa ni maandishi tu. Kila kilichozidi kilikuwa kinamwagika. Daftari la karatasi ndilo lililoniokoa, na tangu siku ile sijaliacha.

Bandia si jambo la kwangu peke yangu. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu zote za bandia nchini, na watu wengi walilala na simu wakaamka na kipande cha plastiki. Tangu wakati ule wananchi walifundishwa kubonyeza *#06# ili kuona namba ya simu yenye tarakimu 15, na kuilinganisha na ile ya kwenye boksi na ndani ya kifuniko. Ni kazi ya dakika moja, na mwenye duka akikataa usiifanye, usinunue.

DENI LA MKONONI

Hasara ya tano nimeiwekea kichwa chake, maana ndiyo inayoniogopesha.

Ziko programu zinazokopesha fedha kwa simu. Hazitaki mdhamini wala karatasi. Hutaka tu ruhusa ya kuingia katika simu yako na kuyasoma majina ya watu wako wote. Fedha huja baada ya dakika chache. Riba yake hukua usiku na mchana, na ukichelewa huwatumia ujumbe jamaa zako, wakwe zako, hata imamu wa msikiti wako, kwamba wewe ni mdaiwa mkaidi. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za namna hii kwamba hazina leseni, ikazipiga marufuku. Lakini zikifungwa hizi huzaliwa nyingine kwa majina mapya.

Kangomba ya zamani ilimlazimu mchuuzi aje mpaka barazani kwako, umwone uso. Hii ya sasa inalala chini ya mto wako. Sisi watu wa visiwani tunapaswa kuijua hatari hii kuliko wengine. Katika miaka ya 1930 madeni ya wenye mashamba ya karafuu yalikuwa mazito hata Serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga sheria za kuyasimamisha, ili mashamba yasimalizike kwa rehani. Babu zetu waliweka rehani mikarafuu. Wajukuu wasije wakaweka rehani heshima.

Kuna na wezi wa kawaida, wale wa "ile hela itume kwenye namba hii," na wanaojifanya watu wa kampuni ya simu wakakuomba namba yako ya siri. Hao huwapata hata wenye vitochi. Lakini simu janja imewafungulia milango mingine mingi, na mkulima hulengwa hasa wiki ya malipo, kwa kuwa tarehe za malipo hujulikana na kila mtu.

MACHO NI YA MJUKUU

Nimeacha la mwisho khabari ya bibi mmoja wa Nachingwea, mjane, mwenye mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe. Watoto wake walimnunulia simu janja. Fedha zake za korosho zikiingia benki, ujumbe huja katika simu ile. Bibi hajui kusoma. Zaidi ya hayo, kazi ya miaka mingi imemlainisha ncha za vidole, na mafuta ya ganda la korosho yamemuunguza. Hata ile namna ya kufungua simu kwa alama ya kidole haimkubali. Basi namba ya siri anayo mjukuu, na simu hukaa kwa mjukuu.

Msimu mmoja majirani walilipwa, yeye akaambiwa bado. Alingoja. Alikopa unga dukani. Baada ya mwezi akajikokota mwenyewe mpaka benki, akaambiwa fedha zimekwisha ingia, na nusu yake imekwisha toka. Sikumuuliza imekwenda wapi wala yeye hakunieleza. Mjukuu alikuwepo pale nyumbani, ndiye aliyetuletea maji ya kunywa, na bibi alimshukuru kwa jina lake kwa sauti ya upole. Alipoondoka, bibi akanambia maneno ambayo nimerudi nayo mpaka Pemba:

"Simu ni yangu, baba, lakini macho ni ya mjukuu."

Wanachama wenzangu, hili ndilo jambo lenyewe. Mzee wa Ruangwa na bibi wa Nachingwea wana simu za namna moja, bei moja, na huenda zimetoka boksi moja. Mmoja simu imemrudishia magunia mawili, na mwingine imemficha fedha zake. Tofauti haikuwa katika simu. Mzee alikuwa na karatasi, na picha, na binti anayesema wazi mbele za watu. Bibi alikuwa na simu peke yake, na yote aliyokuwa akiyajua yalipita mkononi mwa mtu mmoja. Chombo kinachobeba khabari zako zote, nawe huwezi kukifungua, hicho si chako, hata kama risiti ina jina lako.

SHAURI LANGU

Mimi si hakimu katika jambo hili, bali nimetumwa kutizama na kusema. Baada ya kupima pande zote mbili, haya ndiyo ninayoyapeleka kwa Halmashauri, nanyi muyajadili katika matawi kabla ya mkutano.

1. Chama kisimnunulie kila mwanachama simu kwa kukata fedha za karafuu. Deni lisiloombwa na mwenyewe halifai, na simu itakuwa imekwisha vunjika kabla halijalipwa.

2. Badala yake, kila tawi lipewe simu mbili za Chama, si moja, zikae kwa watu wawili watakaochaguliwa, na mmoja awe mwanamke. Kazi yake iwe ni tatu: kupokea na kusoma khabari mbele ya watu, kupiga picha ya stakabadhi za kila mwanachama anayependa, na kuwasiliana na bwana shamba. Bando lilipwe na Chama na liandikwe katika hesabu.

3. Daftari la karatasi libaki kuwa mama, na picha iwe shahidi wake. Atakayesema kwamba sasa daftari halina kazi, mleteni kwangu nimwonyeshe picha zangu nyeusi.

4. Mwanachama anayetaka kununua simu janja kwa fedha yake mwenyewe, akaribie ofisini kwanza. Tutamsaidia kutizama namba ya tarakimu 15, toleo la Android, ukubwa wa ghala na wa uwanja, kioo, na dhamana ya duka. Kwa mkulima, GB 64 za ghala na 3 au 4 za uwanja zatosha; asidanganywe na wingi wa kamera mgongoni.

5. Mwenye kitochi asikione haya. Fedha hutumwa na kupokewa kwa kitochi vile vile, kwa zile namba zinazoanza na nyota, bila ya bando. Wakulima wenye busara niliowaona kule wana zote mbili: laini ya fedha imo ndani ya kitochi, nacho kimo mfukoni, laini ya khabari imo ndani ya simu janja, nayo hukaa nyumbani.

6. Wazee wetu na wasiojua kusoma wasiachwe mikononi mwa mtu mmoja. Kila anayetaka achague watu wawili wa kumsomea ujumbe wa malipo, kila mmoja kwa wakati wake. Nami najitolea kila alkhamisi jioni, baada ya sala ya alasiri, kuwafundisha ofisini wanaotaka kuijua namba yao ya siri wenyewe, mke kwa mume, kijana kwa mzee. Hakuna malipo.

7. Mwanachama asichukue mkopo wa simu kwa kutegemea karafuu zilizo mtini. Mwenye dhiki aje aseme. Mfuko wetu ni mdogo, lakini hautamtangaza mtu kwa wakwe zake.

Nilipokuwa narudi, basi lilisimama Nanganga watu wakanunua korosho za kukaanga. Kijana mmoja muuzaji alikuwa na kitochi kilichofungwa mpira, na akaniuliza simu yangu ni ya bei gani. Nilipomtajia, alisema: "Basi hiyo inakutumia wewe, mjomba." Sikupata jibu, na basi likaondoka. Nimelifikiri neno lake njia nzima, na nimeona kwamba ndilo swali la kuulizana kabla hatujatoa hata senti moja ya Chama: Tunakwenda kuitumia simu, au itatutumia sisi?

Waandishi wa matawi wapokee maoni yenu, na wanaonipinga waandike kwa wino mweusi zaidi, maana nao nitawasoma mbele ya mkutano neno kwa neno.

Wassalaam.

Katibu wenu